Msamaha wa VAT kwa nyumba ya kwanza umfuate mwananchi, usifungwe kwenye bei

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie msamaha wa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo sote tumezoea kuiita VAT, kwa mwananchi anayenunua nyumba yake ya kwanza. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo, iliiondolea kodi hiyo nyumba mpya ya makazi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 50, inapouzwa na mwendelezaji milki, yaani anayejenga nyumba za kuuza, kwa mtu anayenunua kwa mara ya kwanza. Niliposikia habari hiyo nilifurahi sana, na sijabadili mawazo: Serikali ilikiri kwa maandishi kwamba mtu anayetafuta paa lake la kwanza hastahili kutozwa kodi kama mfanyabiashara anayekusanya majengo. Ombi langu ni kwamba msamaha huo, ambao leo umefungwa kwenye bei ya nyumba, ufungwe kwa mwananchi mwenyewe, kwa sababu jinsi ulivyo sasa unatupita wengi tuliokusudiwa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari na mume wangu ni fundi umeme aliyeajiriwa. Tumepanga vyumba viwili na sebule Tabata Segerea kwa shilingi 300,000 kwa mwezi, na kama ilivyo desturi ya jiji hili tunalipa kwa miezi sita sita. Kila tulipohama tulimlipa dalali kodi ya pango ya mwezi mmoja, fedha ambayo hairudi hata kama mwenye nyumba atabadili mawazo mwaka unaofuata. Kwa miaka saba tumeweka akiba kupitia SACCOS ya walimu na VICOBA vya mtaani, kidogo kidogo, hadi tukafikisha shilingi milioni 11. Mwaka jana tukaona kwamba wakati umefika.

Tulikwenda kuangalia nyumba za ghorofa ng'ambo ya Kigamboni. Kipeperushi kilisema nyumba ya vyumba viwili ni shilingi milioni 68. Tulipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, mume wangu akafungua bomba za jikoni moja baada ya nyingine na kugonga kuta kwa kidole kama fundi anavyofanya, mimi nikasimama dirishani nikihesabu pale meza ingekaa. Tuliporudi ofisini, afisa mauzo, kijana mwenye adabu ambaye sina ugomvi naye, alitugeuzia karatasi iliyokuwa na mistari mitatu. Wa kwanza ulisomeka 68,000,000. Wa pili ulisomeka VAT asilimia 18, yaani 12,240,000. Wa tatu ulikuwa jumla, 80,240,000. Nilipomuuliza kuhusu msamaha wa nyumba ya kwanza alijibu kwamba anaufahamu, ila yeye hana nyumba ya milioni 50 na hamjui mwenzake yeyote anayeijenga.

Shilingi milioni 12, laki mbili na elfu arobaini ni kodi yetu ya pango ya karibu miaka mitatu na miezi mitano.

Wasomaji watazame namna mpaka huu unavyofanya kazi. Mnunuzi wa nyumba ya shilingi milioni 50 kamili halipi VAT hata senti moja. Nyumba hiyo hiyo ikiongezewa laki tano kwa sababu ina tanki la maji na kibaraza, ikawa milioni 50 na nusu, mnunuzi anadaiwa 9,090,000. Laki tano zimeleta deni la milioni tisa. Hakuna mwendelezaji mwenye akili atakayejenga nyumba ya milioni 53 au 55, kwa kuwa mteja wake ataona bei ikiruka hadi zaidi ya milioni 62. Atajenga ya 49 ikiwa anaweza, na asipoweza ataruka moja kwa moja kwenda kwenye nyumba kubwa za watu ambao hawatishiki na VAT. Na kwa Dar es Salaam, kujenga ya 49 ni vigumu. Mwendelezaji ananunua ardhi kwa bei ya jiji, anakopa benki kwa riba, na mara nyingi ndiye anayelazimika kuingiza barabara ya ndani, kuvuta maji na kuleta transfoma, gharama ambazo anazigawa kwa wanunuzi. Tulizunguka Kigamboni, Bunju, Goba na Chamazi kwa muda wa miezi minne, kila Jumamosi, na hatukuona nyumba mpya hata moja ya mwendelezaji iliyokuwa chini ya mpaka huo.

Lipo jambo jingine ambalo nilielezwa na mhasibu wa shule yetu, nami naona halizungumzwi vya kutosha. Kodi ikisamehewa, muuzaji hapaswi kumtoza mnunuzi, lakini pia hawezi kujirudishia VAT aliyolipa yeye alipokuwa ananunua saruji, nondo, bati, vigae na nyaya. Hilo ni tofauti na bidhaa inayotozwa kwa kiwango cha sifuri, ambapo muuzaji hurudishiwa alicholipa. Kwa hiyo hata mtu aliyebahatika kupata nyumba ya milioni 50 bado anaibeba VAT ya vifaa, imejificha ndani ya bei, isipokuwa haionekani kwenye karatasi. Msamaha ni mdogo kuliko jina lake.

Sasa niseme kwa nini VAT hii inamuumiza mnunuzi wa kwanza kuliko mtu mwingine yeyote. Mwenye fedha taslimu hulipa kodi hiyo mara moja, ikaisha. Sisi tunaokopa tunaikopea na kodi yenyewe. Riba za mikopo ya nyumba kwa miaka ya karibuni zimekuwa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Nimechukua asilimia 16 na muda wa miaka 20, kianzio (fedha anayotanguliza mnunuzi mwenyewe) cha asilimia 20, nikaikokotoa ile karatasi ya Kigamboni. Bila VAT, marejesho ya mwezi yangekuwa karibu shilingi 757,000. Pamoja na VAT yanakuwa karibu 893,000. Tofauti ni shilingi 136,000 kila mwezi, kwa miezi 240. Ukijumlisha na sehemu ya kodi inayoingia kwenye kianzio, ile VAT ya milioni 12 inatugharimu zaidi ya shilingi milioni 35 hadi siku ya mwisho ya mkopo. Serikali inapokea milioni 12. Mwananchi anatoa 35. Niliipitia hesabu hii mara tatu usiku huo, kisha nikampa mwalimu mwenzangu wa hisabati aipitie, naye akapata yale yale.

Ndiyo maana nashangaa kidogo tunapoulizana kwa nini mikopo ya nyumba haikui. Tunayo Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya mwaka 2008. Tunayo Sheria ya mwaka huo huo inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo, hata ghorofani, kwa hati yake mwenyewe. Tunayo kampuni ya TMRC, iliyoanzishwa mwaka 2010 ili kuzipa benki fedha za muda mrefu. Na pamoja na yote hayo, idadi ya watu wenye mikopo ya nyumba nchi nzima haijafika hata elfu kumi, ilhali Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu mmoja wa Dar es Salaam. Riba ni sehemu kubwa ya tatizo, na wataalamu wa fedha wanaijua kuliko mimi. Lakini niliyoyaona mwenyewe mbele ya meza ya afisa mikopo ni kwamba tulikwama kabla ya kufika kwenye riba. Mishahara yetu miwili ilitosha, kwa kubana. Barua za waajiri zilikuwepo, hati za mishahara na taarifa za benki za miezi sita zilikuwepo. Tulichokosa ni kianzio. Asilimia 20 ya 80,240,000 ni 16,048,000, na sisi tulikuwa na 11.

Hapo ndipo pendekezo langu linapoanzia. Asilimia 18 ya shilingi milioni 50 ni shilingi milioni tisa. Kwa kuweka mpaka wake pale ulipo, sheria imekwisha kukubali kwamba mnunuzi wa nyumba ya kwanza anaweza kuachiwa hadi milioni tisa. Basi hiyo milioni tisa iwe haki ya kila raia, mara moja katika maisha, kwa nyumba yake ya kwanza ya kuishi, iwe nyumba hiyo ni ya milioni 45, 68 au 90. Wa milioni 45 hatalipa kitu, kama ilivyo sasa. Wa milioni 68 atalipa VAT ya 3,240,000 iliyobaki. Juu ya kiwango fulani, tuseme milioni 100, nafuu ikome, ili tusije tukawa tunawachangia watu wanaonunua nyumba za kifahari. Tena nafuu hiyo ihesabiwe na benki kuwa sehemu ya kianzio cha mnunuzi. Kwa mfano wetu, katika ile 16,048,000 inayotakiwa, milioni tisa ingekuwa imetoka kwenye kodi iliyoachwa, na sisi tungetafuta 7,048,000. Tulikuwa nayo, na nyingine ya kulipia ushuru wa stempu na kuhamisha mizigo ingebaki.

Jambo la namna hii limewahi kufanyika kwingine. Australia ilipoanzisha kodi yake ya matumizi tarehe 1 Julai 2000, ilitambua kwamba kodi hiyo ingepandisha gharama ya nyumba mpya, hivyo ikaanzisha siku hiyo hiyo ruzuku ya dola 7,000 za nchi hiyo kwa kila anayenunua au kujenga nyumba ya kwanza. Ilikuwa kiasi kimoja kwa wote, na ilimfuata mtu. Jirani zetu wa Kenya mwaka 2018 waliwasamehe ushuru wa stempu wanunuzi wa kwanza walio katika mpango wao wa nyumba za bei nafuu, ingawa baadaye waliweka pia tozo ya asilimia 1.5 kwenye mishahara kwa ajili ya nyumba hizo, jambo ambalo mimi siliombi hapa kwetu.

Neno moja katika mfano wa Australia linanigusa zaidi kuliko mengine yote, nalo ni "kujenga". Wengi wetu Dar es Salaam hatununui nyumba kwa mwendelezaji yeyote. Tunajenga, na tunajenga polepole. Mdogo wangu alinunua kiwanja Chanika mwaka 2019, akaandikiana na muuzaji mbele ya mjumbe na mashahidi. Mwaka wa kwanza aliweka msingi. Mwaka wa pili alimwaga jamvi. Kisha mkewe akajifungua kwa upasuaji, na boma likasimama chini ya lenta kwa miaka miwili. Nilikwenda naye Pasaka iliyopita. Nondo zilizochomoza kwenye nguzo zilikuwa zimeshika kutu ya rangi ya chai, na ndani ya chumba ambacho kitakuwa cha watoto palikuwa na mpapai uliojiotea wenyewe, umefika kiunoni, ambao aligoma kuung'oa mpaka siku atakayopaua. Huyu naye anatafuta nyumba yake ya kwanza. Anailipia VAT kwenye kila mfuko wa saruji, kila bati na kila nondo, na sheria ya 2023 haikumwona.

Hapana, ilimwona, lakini kwa upande mwingine. Sheria hiyo hiyo ya Fedha iliyosamehe nyumba za milioni 50 iliweka ushuru wa bidhaa wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Fundi wa mdogo wangu alimwandikia mifuko 240 hadi nyumba ikamilike. Hiyo ni shilingi 240,000, kabla ya kuhesabu VAT ambayo hutozwa juu ya bei iliyokwisha kubeba ushuru huo. Sisemi kwamba fedha hiyo haina kazi. Nchi inajenga reli na barabara, na fedha lazima zitoke mahali fulani. Nasema kwamba bajeti moja ilimpunguzia mzigo mnunuzi ambaye ni vigumu kumpata, ikamwongezea mjenzi aliye katika kila mtaa kuanzia Mbagala hadi Mabwepande.

Haikuwa hivi siku zote. Marehemu baba yangu alikuwa karani bandarini. Katika miaka ya 1970 alipata kiwanja Sinza katika ule mradi wa viwanja na huduma ambao Serikali iliuendesha kwa msaada wa Benki ya Dunia, maeneo ya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na akapata mkopo wa vifaa kutoka Benki ya Nyumba. Serikali haikumjengea nyumba. Ilimpimia ardhi, ikamletea barabara na maji, ikamkopesha, kisha ikamwachia ajenge kwa kasi yake. Najua kwamba benki ile ilielemewa na madeni yasiyolipwa hadi ikafungwa mwaka 1995, na sitaki turudie makosa yake. Lakini msaada ulimfuata karani mmoja na kiwanja chake, na sisi watoto saba tulikulia chini ya bati lililopatikana kwa njia hiyo. Nyumba iliuzwa kwenye mirathi, fungu la kila mtu likawa dogo, na ndivyo nilivyorudi kuwa mpangaji.

Kwa mjenzi wa leo, nafuu ya milioni tisa inaweza kutolewa kwa njia ya marejesho. Mwenye kibali cha ujenzi, na hati au leseni ya makazi, anunue vifaa vyake kwa risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, zenye namba yake ya mlipakodi. Kila hatua inapokamilika, msingi, lenta, kupaua, awasilishe risiti hizo na kurudishiwa VAT iliyomo, mpaka milioni tisa ziishe au nyumba ikamilike. Mamlaka ya Mapato, TRA, haitapoteza kama inavyoweza kudhaniwa. Leo mjenzi mdogo akiambiwa na muuza vifaa kwamba bila risiti bei inashuka, anashukuru na kuondoka. Akijua kwamba risiti ile ni fedha yake, ataisubiri hata kama mvua inanyesha. Na yule aliyekuwa anajenga kimyakimya atakwenda mwenyewe halmashauri kuomba kibali, na kiwanja alichonunua kwa mashahidi atakipeleka kupimwa, kwa sababu bila hivyo hapati kitu.

Nimeulizwa na wenzangu Serikali itatambuaje kwamba nyumba ni ya kwanza. Tuna namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, tuna namba ya mlipakodi, tuna daftari la Msajili wa Hati. Mtu akidanganya, arejeshe kiasi chote na adhabu juu yake. Akiuza kabla ya miaka mitano, arejeshe pia. Wengine wameniuliza swali gumu zaidi: je, waendelezaji hawatapandisha bei kwa milioni tisa na kuimeza nafuu yote? Hatari hiyo ipo, na huko Australia wapo wachumi waliolalamika kwamba sehemu ya ruzuku iliishia mifukoni mwa wauzaji. Kwa mjenzi wa Chanika hatari hiyo ni ndogo, maana anajiuzia mwenyewe. Kwa mnunuzi wa ghorofa, kinga ni nyumba kuwa nyingi, na hapo Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo tumekuwa nalo tangu 1962, na Watumishi Housing wana kazi ya kujenga kwa wingi nyumba ambazo mwalimu na muuguzi wanaweza kuzilipia. Tumeona Magomeni Kota, ambako kaya 644 zilirudishwa kwenye ardhi yao, ndani ya maghorofa, kwamba likiamuliwa linajengeka.

Niongeze dogo tu kuhusu sisi wapangaji, kwa sababu huwa tunasemwa kana kwamba hatuchangii. Tangu kodi ya majengo ilipohamishiwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, mwaka 2021, ni mpangaji anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na tangu 2023 ni shilingi 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Wapo wenye nyumba waungwana wanaoipunguza kwenye pango. Wetu hafanyi hivyo, na sitaki kugombana naye kwa shilingi 1,500. Tunalipia jengo ambalo si letu, na hatuoni vibaya kuombwa kulipia letu.

Kila mwaka Muswada wa Sheria ya Fedha unapopelekwa Dodoma, Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau. Waendelezaji, benki na wenye viwanda vya saruji hufika na wataalamu wao. Naomba safari hii wabunge wa mkoa wa Dar es Salaam wabebe na maoni ya anayetafuta chumba chake cha kwanza, aliyekaa kwenye msingi wa Chanika na aliyekaa mbele ya meza ya afisa mauzo Kigamboni. Hesabu zangu zote nimeziandika kwa mkono na nimeziweka ndani ya bahasha hii, Mhariri, pamoja na nakala ya ile karatasi ya mistari mitatu, ambayo nimefunika jina la muuzaji. Mbunge au mtaalamu yeyote atakayetaka kuzikagua, tafadhali mpe.

Wako,
Mwalimu, mpangaji wa Tabata Segerea,
Dar es Salaam